Mgeni Rasmi Ametajwa Mara Sita

Juma hili naomba tuzungumze juu ya habari moja ambayo magazeti yetu huichapisha mara kwa mara, na ambayo wengi wetu tunaipita tukielekea ukurasa wa michezo. Ni habari ya kufunguliwa kwa maonyesho ya sanaa. Unaijua. Balozi wa nchi fulani, au mkurugenzi wa benki fulani, jana alifungua maonyesho ya picha na vinyago katika ukumbi fulani jijini Dar es Salaam. Amewataka wasanii wajitume. Amesema sanaa ni ajira. Amepigwa picha akitabasamu mbele ya kinyago. Habari imekwisha.

Hivi karibuni nilikuwa Nachingwea na Ruangwa kwa shughuli nyingine, na huko nilioneshwa kipande cha gazeti cha namna hiyo, kimekunjwa na kukunjuliwa mpaka kinakaribia kukatika. Aliyekihifadhi ni mzee mmoja mchongaji. Kinyago kinachoonekana nyuma ya mgeni rasmi ni chake. Alikisafirisha kwa basi, kimefungwa kwenye gunia. Nilihesabu. Mgeni rasmi ametajwa mara sita. Mzee hatajwi hata mara moja, ila kuna maneno "wasanii kutoka mikoa ya kusini".

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo mikoa ya kusini ndiyo mimi."

Msidhani mwandishi alikuwa na chuki naye. Habari hizi zina namna yake ya kupikwa. Kwanza kuna barua ya mwaliko, na anayeiandika si msanii bali ni mwenye ukumbi au mfadhili, ambaye anataka jina lake lionekane. Mwandishi anafika jioni, anapewa nakala ya hotuba, na mara nyingine nauli ndani ya bahasha. Hotuba imeshachapwa, ina majina na vyeo, haimlazimishi kumwuliza mtu chochote. Kinyago hakina nakala ya kugawa. Ili uandike juu yake inabidi ukizunguke, uulize ni mti gani, kilichukua muda gani, kwa nini huyu ana mikono mitatu, na wakati huo gari la ofisi linapiga honi nje. Majina ya wasanii, kama yaliandikwa kabisa, yako aya ya mwisho. Usiku likiingia tangazo, mhariri anakata kuanzia chini.

Tena ufunguzi ni wa saa moja, maonyesho ni ya wiki mbili au tatu. Sisi tunaandika ile saa moja.

Wala si kweli kwamba magazeti yetu hayajui kuandika kwa undani. Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, ina timu yake ya mpira, Namungo. Ilipopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2019/2020 tuliambiwa nani kafunga, dakika ya ngapi, nani kampa pasi. Ufuta wa huko ukipigwa mnada, bei ya kilo inaandikwa mpaka shilingi ya mwisho. Mpingo wa huko ukigeuzwa kinyago, ghafla kalamu zinakauka wino.

Hasara yake haionekani leo. Chukua Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, si mbali na Nachingwea. Alichora Dar es Salaam kwa miaka michache tu, tangu mwaka 1968 hivi, akauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Jiji lilikuwa na magazeti: Uhuru lilikuwepo, na Daily News lilianza mwaka huohuo. Leo waandishi wanapingana hata juu ya mwaka aliozaliwa, wengine 1932, wengine 1937, na wauzaji wanabishana ipi ni picha ya mkono wake na ipi ni ya mwanafunzi wake. Baina ya majibu hayo mawili kuna fedha nyingi. Mistari mitatu ya gazeti la siku zile ingetosha.

Au George Lilanga, naye wa kusini, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005. Alikuwa mlinzi wa Nyumba ya Sanaa kabla kazi zake hazijavuka bahari, zikaonyeshwa Washington mwaka 1978. Anayetaka kuzijua vizuri kazi hizo leo anafungua katalogi za wageni.

Kwa kweli wageni wametutangulia zamani. Mwaka 1906, wakati vumbi la Majimaji halijatulia, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na Newala kwa fedha za serikali ya kikoloni. Si mtu wa kumsifu sana. Vitu vingi alivyokusanya vilikwenda Ulaya bila majina ya waliovitengeneza. Lakini aliwapa watu penseli na karatasi, na michoro yao alipoichapisha katika kitabu mwaka 1908, chini yake aliandika nani kachora. Kundi la tembo limechorwa na Barnabas, Mmwera wa Lindi. Basi huyo Mmwera, wa kabila la watu wa Ruangwa na Nachingwea, alipata mbele ya mkoloni kile ambacho mzee wangu amekikosa katika gazeti la nchi huru.

Mwandishi anayekwenda maonyeshoni aulize jina kamili, kijiji, mti au rangi, mwaka, na bei. Kisha athubutu kusema kama kazi ni nzuri au mbaya. Siku hizi kila maonyesho "yamefana", na msanii hajui kama kuna mtu aliyeitazama kazi yake.

Na asingoje mwaliko wa Dar es Salaam. Nachingwea na Ruangwa wanapeleka kazi zao viwanja vya Ngongo, Lindi, wakati wa Nanenane, ambako kinyago hukaa meza moja na asali na mikeka. Waandishi hufika pale kwa wingi kwa kuwa mgeni rasmi hupita. Akishapita, mabanda hubaki wazi, na mafundi wamekaa nyuma ya meza zao, hawana haraka.