Kipira Kisichofika Mbali

Kila jioni, nikisha kusahihisha kazi za wanafunzi, hushika fimbo ya gofu nikasimama uani kupiga kipira cha plastiki chenye matundu. Mwanzoni majirani walidhani mwalimu kapagawa, maana nilipiga kwa nguvu zangu zote, na kipira kikaenda hatua thelathini hivi kisha kikadondoka kama jani la mwembe. Sikukichagua kwa hiari. Mpira wa kweli nilioanza nao ulivunja kioo cha jirani mmoja, na hadi leo tunasalimiana kwa shingo upande.

Siri yake ni wepesi. Mpira halali wa gofu hauzidi gramu 45.93, na vishimo vidogo vidogo usoni mwake hupunguza ukinzani wa hewa ukapaa. Kipira changu ki wazi ndani. Hewa hukizuia mara tu kiachanapo na fimbo. Katika miaka ya 1980, Jack Nicklaus, bingwa wa Marekani, alishirikiana na kampuni ya MacGregor kutoa mpira mwingine uendao takribani nusu ya masafa ya kawaida, ili gofu ichezwe kisiwani Grand Cayman ambako ardhi ni haba. Huo, ajabu, una vinundu badala ya vishimo.

Msomaji ataniuliza: isimu na gofu wapi na wapi? Naomba subira.

Kwa miezi minne nilijirekebisha magoti, nyonga na mabega. Anayeanza gofu ana pupa ya kuinua kichwa aone mpira umefika wapi, akaliharibu pigo lenyewe. Kipira cha matundu hakimtii mtu katika kishawishi hicho, kwa kuwa hakuna kinakokwenda. Nikajiona nimehitimu. Siku nilipoingia uwanjani, pigo la kwanza lilibingirika nyasini. La pili lilipaa vizuri mno, kisha likapinda kulia likapotelea mitini. Uso wa fimbo yangu ulikuwa umeelekea kombo muda wote huo. Uani sikulijua kosa, kwa sababu kipira kilianguka kabla kosa halijakomaa.

Hapo nikawakumbuka wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza. Wanakuja na alama za juu na shehena ya methali, tashbihi na tanakali za sauti walizokariri kwa ajili ya insha. Muhula uliopita niliwaambia wamwandikie chifu kuhusu kisima kilichokauka. Wengi walianza kwa jogoo kuwika na jua kuchomoza. Wachache mno walitaja kisima kilipo na ni watu wangapi wanaokitegemea. Sidharau mazoezi ya kukariri, kama nisivyokitupa kipira changu: sentensi nayo ina magoti na mabega yake. Lakini nani huwapeleka uwanjani? Chifu wa insha hajibu barua. Kalamu yangu nyekundu huidaka kila sentensi hatua thelathini kutoka ilikopigwa, nami nikaita hiyo elimu kwa miaka kumi na mitano.

Muhula huu nimewaagiza waandike barua kwa gazeti hili, kila mmoja juu ya jambo la kijijini kwao analolijua kwa macho yake. Sitazisahihisha kabla hazijatumwa. Mhariri, zikikufikia, tafadhali usizihurumie.