Usilipuuze vumbi la jakihama

BILA shaka, msomaji, umewahi kuziba masikio ukipita mahali barabara inapochimbwa. Kelele zile ni za jakihama, mashine ya kuvunjia mawe, lami na saruji. Wewe hupita ukaenda zako, lakini je, umewahi kumfikiria yule anayeishika kutwa nzima?

Mashine yenyewe haina mambo mengi. Hewa iliyoshindiliwa hutoka kwenye kompresa na kupitia mpira mnene hadi ndani yake. Humo husukuma pistoni juu na chini, nayo pistoni hugonga tindo zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Ikiwa jiwe hupasuka kwa kipigo hicho, mwili wa binadamu je?

Mikono ndiyo hutetemeshwa kwanza. Mwaka 1918, Dkt Alice Hamilton aliwapima wachonga mawe wa Bedford, jimbo la Indiana nchini Marekani, waliotumia vyombo vya hewa. Aligundua kwamba wakati wa baridi vidole vyao vilikufa ganzi na kugeuka vyeupe, kana kwamba havina damu.

Lakini adui mkubwa zaidi ni vumbi. Mawe mengi, pamoja na mchanga ulio katika saruji, yana silika. Chembe zake ndogo kabisa hazionekani kwa macho. Hupenya hadi ndani ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuondoa, na mwenye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Aidha, silika husababisha saratani ya mapafu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kinga yake ni ya zamani na ni rahisi: maji. Mwishoni mwa miaka ya 1890, fundi J. George Leyner wa Denver, Marekani, aliunda mashine ya kutoboa miamba iliyopuliza hewa shimoni ili kutoa unga wa mawe. Vumbi likazidi hata wachimba migodi wakaikataa. Leyner akaibadilisha ipitishe maji pia, na vumbi likawa tope.

Basi ikiwa baba, kaka au jirani yako hufanya kazi hii, mwulize: je, mahali pa kuvunja hunyunyiziwa maji? Je, amepewa barakoa maalumu na vizibo vya masikio? Kitambaa alichojifunga puani hakizuii chembe hizo. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Nyumbani nako, nguo zake za kazi zisikung'utwe ndani wala karibu na watoto, ziloweshwe kwanza. Na akianza kukohoa au kuhema kwa shida, aende hospitalini mapema, naye asisahau kumwambia daktari kazi anayofanya.