Carna, Mahali Ambapo Adabu Huinyamazisha Lugha

Carna, mtu mmoja asiyejua Kiairishi anatosha kugeuza mazungumzo ya chumba kizima. Majirani wanaweza kuwa wamekaa jioni nzima wakiongea lugha yao. Akiingia mgeni, wote watahamia Kiingereza bila kuambizana. Hawafanyi hivyo kwa kuionea lugha yao haya. Kwao, kuongea mbele ya mtu maneno asiyoyaelewa ni kumtenga, na watu wa Carna wamelelewa wasimtenge mtu aliyevuka kizingiti chao. Nasema hili mapema kwa sababu kila uzuri utakaouona huko umefungamana na lugha hiyo, na ujio wako ndio unaoweza kuinyamazisha.

Kijiji chenyewe kiko Conamara, magharibi mwa Ireland, zaidi ya kilomita 60 kutoka mji wa Galway kwa barabara inayopinda na kila ghuba. Ardhi ni mawe ya graniti na kinamasi, na miti ni ya kuhesabu. Vishamba vimezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo. Hata rutuba ya kupandia viazi wazee waliitengeneza wenyewe: walibeba mwani kutoka ufukweni, wakautandaza juu ya matuta, mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa kuni hazikuwapo, walikata udongo mweusi wa kinamasi vipande vipande, wakavianika wakati wa kiangazi na kuvirundika karibu na nyumba kungojea baridi. Mbele ya moto wa udongo huo ndipo majirani walipokutana usiku. Aliyekuja hakubisha hodi. Alisukuma mlango huku akiwaombea baraka waliomo, akasogezewa kiti, na simulizi zikaendelea.

Usiku wa namna hiyo ulijaza vichwa vya watu hazina ambayo wataalamu waliifuata baadaye kwa baiskeli na madaftari. Miaka ya 1940, Séamus Ennis, mkusanyaji wa Tume ya Mapokeo Simulizi ya Ireland iliyoundwa mwaka 1935, alimwendea mara kwa mara Colm Ó Caodháin wa Glinsce, jirani na Carna. Kutoka kinywani mwa mtu huyo mmoja aliandika zaidi ya nyimbo 200.

Uimbaji wa huko unahitaji subira ya mgeni. Hakuna ala, hakuna kuitikiana, hakuna mapigo ya kupigia makofi. Mwimbaji huketi alipo, pengine amefumba macho au ameugeukia ukuta, akauanza wimbo mrefu ambao kila ubeti anaupamba tofauti kidogo na uliotangulia. Aliye karibu naye anaweza kumshika mkono na kuuzungusha polepole wimbo ukiendelea. Wasikilizaji humtia moyo kwa maneno mafupi katikati ya mistari, kwa sauti, na hakuna anayeona amekatizwa. Mara nyingine mstari wa mwisho hauimbwi kabisa: husemwa tu kama maneno ya kawaida, na mwimbaji anarudi kuwa jirani.

Joe Heaney, aliyezaliwa mwaka 1919 huko An Aird Thoir pembeni ya Carna, aliubeba uimbaji huo hadi Marekani. Kiingereza alijifunza shuleni. Alifanya kazi za mikono Uingereza, akawa bawabu wa jengo la makazi New York, na mwishoni akafundisha nyimbo na simulizi katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Mwaka 1982 Marekani ilimpa tuzo yake ya kitaifa ya wasanii wa jadi. Alifariki mwaka 1984 na kuzikwa kwao. Alishikilia kwamba mtu hawezi kuimba wimbo asioijua habari yake: nani alizama, nani aliachwa, kwa nini mama analia. Naona hapo ndipo lugha na desturi zinapokuwa kitu kimoja, maana anayeifahamu sauti tu bila maneno amepata sehemu ndogo mno ya wimbo.

Majina nayo yana mpango wake. Koo ni chache na majina ya ukoo yanajirudia, basi mtu hutambulishwa kama Mswahili anavyotambulishwa, kwa jina la baba na la babu. Mwimbaji Josie Mac Donncha wa hapo anajulikana zaidi kwa jina la Josie Sheáin Jeaic, na mwenyeji akilisikia anajua papo hapo ni mtoto wa nani.

Siku kuu ya mwaka ni Julai 16, sikukuu ya Mtakatifu Mac Dara. Kisiwa chake kiko mbele ya pwani, hakikaliwi na watu, na kina kanisa dogo la kale ambalo hata paa lake ni la mawe. Watu huvuka kutoka gati la Maíse kwa mashua za kila aina, padri anasoma misa katikati ya nyasi na upepo, kisha familia hufungua vikapu vya chakula. Baada ya hapo ni mashindano ya majahazi ya Conamara, yenye miili myeusi ya lami na matanga ya rangi ya kahawia iliyokolea. Zamani yalikuwa malori ya pwani hii. Yalipeleka udongo wa kuwashia moto visiwa vya Aran, ambako haupatikani, na kurudi na mawe ya chokaa ya kuponya mashamba. Gesi ya mitungi ilipofika biashara hiyo ikafa, na kama wenyewe wasingeyafufua kwa ajili ya mashindano, leo yangekuwa picha ukutani. Mabaharia walikuwa na desturi ya kutua matanga mara tatu kila walipopita mbele ya kisiwa. Roderic O'Flaherty aliiandika habari hiyo mwaka 1684, pamoja na masaibu ya waliopita bila kutoa heshima hiyo.

Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu 106,220 katika maeneo yote ya Kiairishi nchini, na kati yao 20,261 tu ndio waliosema wanakizungumza kila siku nje ya masomo. Lugha haikufika hapo kwa watu kukaa kimya. Vijana wa Conamara waliandamana kudai haki zao mwishoni mwa miaka ya 1960, wakarusha matangazo ya redio bila kibali mwaka 1970, na miaka miwili baadaye Raidió na Gaeltachta ikaanza kwa kibali cha serikali. Hadi leo redio hiyo husoma matangazo ya vifo, na watu hupanga siku yao kulingana nayo, kwa kuwa kukosa mazishi ya jirani ni jambo la kujieleza.

Kila kiangazi vijana kutoka mijini hupelekwa vijiji vya Conamara kwa wiki kadhaa, wakalala katika nyumba za wenyeji na kujifunza Kiairishi. Katika kozi nyingi sharti ni moja: anayeshikilia Kiingereza anaweza kurudishwa kwao. Mama mwenye nyumba, ambaye kwa mtalii angehamia Kiingereza mara moja, kwa kijana huyu hahami. Anarudia sentensi, anaonyesha sahani, anangoja, na kijana akikosea anamsahihisha na kuendelea kupakua. Mtu mzima anayekwenda Carna anaweza kuomba atendewe vivyo hivyo, au walau aombe waliomo chumbani waendelee kama walivyokuwa huku yeye akisikiliza. Wataona ajabu kidogo, kisha wataendelea.