Umetupwa Zoolojia na Hukuitaka? Kabla Utoroke Kozi, Pitia Burma Kwanza

Wacha tubonge ukweli. Hakuna mtoi wa mtaa humaliza form four akisema ndoto yake ni zoolojia. Ndoto huwa udaktari, ufamasia ama kitu ya kompyuta. Halafu KUCCPS inamwaga majina, msee anacheki simu, anapata amerushwa kwa digrii ya biolojia. Semesta ya kwanza kuna somo ya utangulizi wa zoolojia. Kwa hao mathe anauliza, "Sasa hiyo ni ya kuchunga simba?" Unakosa jibu.

Hapo ndio watu huanza kuhesabu siku za kutoroka. Na mara mob shida hata si ugumu. Shida ni majina. Platyhelminthes, Nematoda, Annelida, Arthropoda, yote imemwagwa kwa slaidi ka orodha ya deni za duka, na huyo mnyama mwenyewe hujamwona. Sasa ka unaishi Shauri Moyo, ama Majengo, Kaloleni, Muthurwa hapo karibu, uko na labu ambayo wasee wa mitaa ya geti hawana. Inaitwa Burma.

Najua, najua. Burma ni ya nyama. Lakini zoolojia ya first year nusu yake ni kujua ndani ya mnyama kuna nini na kwa nini imepangwa hivyo, na hapo Burma kuna wasee wamefungua mbuzi mob kuliko lecturer yeyote Chiromo.

Tumalizane na majina kwanza. Carl Linnaeus alikuwa msee wa Sweden, na kitabu chake cha 1758 ndio wanazoolojia hutumia hadi leo ka mwanzo rasmi wa majina ya wanyama. Mbuzi ni Capra hircus. Inzi wa nyumba ni Musca domestica. Wewe ni Homo sapiens. Zile ngazi zingine ni address tu, vile ungeelekeza mgeni: Kenya, Nairobi, Kamukunji, Shauri Moyo, ploti, mlango. Mbuzi ako kwa ufalme wa wanyama, kundi la wenye uti wa mgongo, halafu mamalia, halafu wenye kwato za kugawanyika, halafu familia moja na ng'ombe, ndio ufike mlango wake. Ukishajua mlango wa mbuzi, wa kondoo uko corridor hiyo hiyo. Hakuna haja ya kukariri upya.

Sasa matumbo, na hapa tukae kidogo.

Tumbo ya mbuzi iko na vyumba vinne. Kile kikubwa kinafanana na taulo, hicho ni rumeni. Chenye kinafanana na sega la asali ni retikulamu. Kuna kingine kiko na kurasa kurasa ka kitabu kimeloa maji, hicho ni omasamu. Cha mwisho ni abomasamu, na ndicho peke yake kinatoa asidi ka tumbo yako. Mbuzi hawezi kusaga nyasi na kemikali zake mwenyewe. Ndani ya rumeni kuna bakteria na vijidudu vingine wengi ajabu, na hao ndio huchachusha hizo nyasi. Mbuzi anakula kile wanatoa, halafu wakisukumwa mbele hadi kwa asidi, anawasaga pia. Wapangaji wanalipa rent, halafu landlord anawala. Ka hiyo haikusaidii kukumbuka, basi sijui nikusaidie aje.

Retikulamu nayo iko na story yake. Ng'ombe hachagui chakula na ulimi ka wewe, anafagia tu. Akimeza msumari ama kipande cha waya, chuma inaanguka hapo kwa sega, na hapo ni karibu na moyo. Inaweza kudunga ukuta hadi ifike kwa moyo wenyewe. Karatasi za plastiki nazo zilikuwa zinapatikana kwa matumbo ya mifugo kwa vichinjio, na hiyo ilikuwa moja ya sababu zilitajwa wakati Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Kwa hivyo ile sheria inakufanya ubebe mboga na mfuko wa kitambaa, iko na mkono wa tumbo ya ng'ombe ndani.

Na usidhani hii ni elimu ya mtaani tu. Kuna Mjerumani, profesa Reinhold Hofmann, alikuwa anafundisha anatomia ya mifugo hapa Nairobi miaka ya sitini. Alichukua matumbo ya wanyama wa Afrika Mashariki wenye hucheua, kuanzia dikdik hadi nyati, akayapima na kuyalinganisha. Kitabu chake kilitoka 1973, kikachapishwa hapa hapa Nairobi. Aliwagawanya hivi: kuna wa kula nyasi ka ng'ombe, kuna wa kuchagua majani laini ka twiga, na kuna wa kati, anakula chenye kimepatikana. Mbuzi ni wa kati. Ukiwa Burma, linganisha ile yenye kurasa ya ng'ombe na ya mbuzi. Ya ng'ombe ni kubwa hata ukiweka hesabu ya mwili, juu nyasi kavu inataka kazi mingi.

Huyo Hofmann ndiye alimwandika kazi dem mmoja alikuwa amerudi kutoka Marekani mwanzo wa 1966 na masters ya biolojia. Huyo dem alikuwa ameahidiwa kazi ya kumsaidia profesa wa zoolojia kwa utafiti. Kufika, akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Mwenyewe aliandika baadaye kuwa aliamini ilikuwa mambo ya kabila na juu ni mwanamke. Akaingia kwa anatomia ya mifugo. 1971 akapata PhD, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati. Jina lake ni Wangari Maathai, na Nobel ya 2004 unaijua.

Tukirudi Burma, angalia maini. Mkaguzi wa nyama hukata ini kwa mifereji ya nyongo, na si sherehe. Anatafuta Fasciola, mnyoo bapa ka jani, mwenye hupitia kwa konokono wa maji kabla afikie ng'ombe. Hiyo ndio Platyhelminthes ya slaidi yako. Mnyoo bapa hana uwazi kati ya utumbo na ngozi, ameshikana tu ndani. Mnyoo wa ardhini yuko na uwazi kamili. Hiyo tofauti moja huulizwa kwa mtihani mpaka inachosha.

Halafu vuka Gikomba ununue samaki mzima, usikubali atolewe matumbo. Moyo wake uko na vyumba viwili, damu inapita mara moja tu ikielekea kwa matamvua. Wa chura ni vitatu. Wa mbuzi ni vinne ka wako. Viweke kwa sahani moja, cha samaki na cha mbuzi, uone ka utasahau tena.

Kazi? Sitakudanganya, hazijajaa. Lakini pale Kasarani kuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu chenye Thomas Odhiambo alianzisha 1970, na wadudu ni zoolojia. Kuna museum, kuna KWS, kuna uvuvi.

Ukienda Burma, fika asubuhi, kabla watu wa choma wajae. Nunua kitu hata ka ni kidogo, halafu uliza kwa heshima, "Mzee, hebu nionyeshe ile chumba ya sega." Kitabu na kalamu ziache kwa bag mwanzoni. Ukianza kuandika tu ukifika, watadhani umetumwa na kanjo.