GARI LA RIMOTI LINAPOVUNJIKA KIUNO
Ukiishi Moshono, soma hii kabla hujaongeza chuma!

Wiki hii tunayaweka pembeni mapenzi na mitindo, tunazama gereji. Na wewe dada usifunue ukurasa wa pili, haya mambo siku hizi si ya kaka zako peke yao.

Watoto wa Arusha hawajaanza leo kuendesha magari. Nani hajasukuma gari la waya, matairi ya kandambili zilizochoka na usukani mrefu hadi kifuani? Aliyekutengenezea alijua siri moja. Ukiweka waya mmoja chini, gari linapinda ukilipakia mchanga. Ukiweka nyaya mbili zikalala sambamba, halafu ukazifunga kwa vipande vya kukatiza, unapata ngazi, na ngazi haipindi ovyo. Hiyo ngazi ndiyo chasisi, mtu wangu! Land Cruiser zile ngumu zinazopeleka watalii Serengeti, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zimekalia ngazi hiyo hiyo, ila ya chuma.

Sasa kuna haya magari makubwa ya rimoti. Sizungumzii vidude vya dukani vinavyokufa Krismasi ikipita. Nazungumzia gari lililopunguzwa mara tano tu kutoka gari la kweli. Baja 5B ya kampuni ya HPI, iliyotoka mwaka 2006, ina urefu wa sentimita 80 hivi, uzito wa kilo 10 hivi, na injini ya petroli ya stroku mbili, ndugu kabisa wa mashine ya kukatia majani. X-Maxx ya Traxxas, iliyotoka mwaka 2015, inatumia betri, na jipya huko Marekani huuzwa zaidi ya dola 1,000 kabla hujagusa usafiri na ushuru. Hapo ndipo utamu na machungu vinapokutana. Umechanga na washkaji mwaka mzima, gari limefika, mnaliingiza kwenye vumbi na mawe ya Moshono, linaruka tuta moja, mawili, la tatu linatua na kukaa kama ndizi. Kasheshe!

KWA NINI LINAPINDA?

Gari likitua, matairi yanasimama lakini mzigo wa katikati, yaani injini au betri, bado unataka kwenda chini. Likitua kwa pua, mbele inasukumwa juu wakati tumbo linashuka. Nguvu zote hizo zinaishia sehemu moja dhaifu, na mara nyingi ni pale bamba la chini linapokunjwa kuelekea juu, nyuma kidogo ya matairi ya mbele. Ukitaka kuhakikisha, fungua kila kitu, lilaze bamba juu ya kioo kinene, uchungulie mwanga unapita wapi.

Wengi hapo wanakimbilia kwa fundi: "Niwekee bamba nene!" Ngoja kwanza. Ni kweli, ukiongeza unene wa bamba mara mbili, ugumu wake wa kutopinda unaongezeka mara nane. Tamu, siyo? Lakini uzito wa bamba nao umekuwa mara mbili, na gari zito linatua kwa kishindo zaidi, linakula betri, linavunja mikono ya matairi.

Mwalimu wako yuko juu ya paa la nyumba. Chukua bati la bapa, lishike ncha moja, linalegea kama kitenge. Chukua bati la migongo la unene ule ule, linasimama. Hawakuongeza chuma, wameongeza kimo tu. Basi na wewe fanya hivyo. Funga engo nyembamba za aluminiamu pembeni mwa bamba, zisimame wima, urefu wote wa tumbo. Utapata ugumu mwingi kwa gramu chache.

Halafu tazama kenchi za paa. Fundi seremala anajua pembetatu haichezi. Weka fimbo ya kuunganisha, ianzie juu ya boksi la gia la mbele, ishuke hadi kwenye bamba la katikati. Na nyuma vivyo hivyo. Pua ikigonga, nguvu inapita kwenye fimbo badala ya kuukunja mgongo.

MAMBO YA KUTOFANYA

Moja, usitoboe tundu karibu na ukingo. Bamba likipinda, kingo ndizo zinazovutwa sana, na ufa hupenda kuanzia hapo. Mikwaruzo yote ya pembeni ilainishe kwa tupa.

Mbili, ukiuona ufa, usiupake gundi ukajidai umemaliza. Toboa tundu dogo pale unapoishia. Ufa wenye ncha kali unaendelea kutembea, ila ukiangukia kwenye tundu la duara unapunguzwa makali. Kisha funika kwa kiraka cha bolti.

Tatu, usikimbilie kuchomelea. Magari mengi ya aina hii yana bamba la aluminiamu. Ile inayoandikwa 7075 haifai kuchomelewa, na ile ya 6061 inachomeleka lakini pembeni ya moto inalainika. Tumia bolti na nati za kujifunga, maana injini ya petroli inatetemesha kila kitu.

Nne, usiligandishe gari zima kama jiwe. Chasisi ya plastiki kama ya X-Maxx imetengenezwa ipinde kidogo na kurudi. Ukiibana kila mahali, kishindo kitahamia kwa jirani, utaanza kununua maboksi ya gia. Imarisha panapovunjika, basi.

SIYO MCHEZO TU

Najua kuna mzazi anasoma hapa na kusema, "Vijana wamekosa kazi." Mzee wangu, shikamoo, lakini tembelea gereji za mji huu. Arusha wanakata Land Cruiser katikati, wanairefusha ili kila mtalii apate dirisha lake, wanaweka na paa la kufunguka. Chasisi ile inakwenda kupigwa na barabara za Ngorongoro na Serengeti siku nzima, imebeba roho za watu. Na sheria ni zile zile. Kiraka kikikatwa mraba, kikaishia ghafla, chuma kitakatika pale pale kinapoishia. Kikikatwa kwa mshazari, nguvu zinaingia pole pole. Matundu yanakaa mbali na kingo, kimo kinashinda unene, na kuchomelea kunataka mtu aliyefundishwa. Kijana aliyejifunzia kwenye gari la kilo 10 ameharibu bamba moja. Anayejifunzia kwenye gari la abiria anaweza kuua. VETA wapo, Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978. Ukiona mkono wako umenogewa na tupa na drili, hiyo ni dalili, ifuate!

Na usalama tusiufanyie utani. Kilo 10 zikija kwa kilomita 60 kwa saa ni tofali lililorushwa. Usilikimbize gari njiani penye watoto na bodaboda. Kila kabla ya kuwasha, vuta na kusukuma fimbo zako, kagua bolti za usukani, maana chasisi ikikatika gari haliulizi rimoti linaenda wapi. Na wale wanaotamani kuruka kwenye mashimo ya moramu, nawaomba muache. Aprili 2013, hapa hapa Moshono, kifusi cha machimbo kiliporomoka kikaua watu zaidi ya 10. Ukuta wa moramu hauna chasisi, haukupi hata taarifa. Tafuteni uwanja wa wazi, pangeni matairi machakavu kuwa mipaka, watazamaji wakae nyuma yake.

Haya, chukua bamba lako, kioo na penseli, weka alama pale mwanga unapopita. Kazi inaanzia hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, maana nako kuna viuno vinavunjika kwa kubeba mizigo isiyo saizi yake!