Vernazza: kijiji cha picha kali, lakini cheki mlima pia

Kama uko Italia na una siku moja tu ya kuona bahari, shukia Vernazza. Ni moja ya vijiji vitano vya Cinque Terre, na kutoka La Spezia ni treni ya muda mfupi. Kijijini ni mguu tu: unateremka hadi kwa bandari ndogo, kanisa la Santa Margherita liko hapo kando ya maji, ngome ya Doria juu ya mwamba.

Wasee wengi hupiga picha, wanakula aiskrimu, wanahepa. Wewe inua macho. Mashamba ya mizabibu mlimani yameshikwa na kuta za mawe, bila simiti. Vijana walipotoka kusaka kazi mjini, kuta nyingi ziliachwa zikabomoka, na bila ukuta udongo hauna wa kuushika. Mvua ya 25 Oktoba 2011 ilishusha matope yakafunika kijiji. Watu 3 walifariki hapo.

Kwa hivyo ukienda, nunua divai ya hapo hapo. Mkulima akipata doo, ukuta unasimama.