Vipande 52 vya Utenzi

Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, siku mbili baada ya Idi ya Kuchinja, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho. Liligonga magari, wachuuzi wa kando ya barabara na wapita njia. Waliofariki walihesabiwa 52.

Huku Pwani tuliisikia hesabu hiyo tukasikitika, kisha ikatutoka. Hesabu tupu haikai moyoni.

Wazee wetu walihifadhi mambo mazito kwa tenzi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Tukimpa kila marehemu kipande kimoja, twapata beti 13 kamili: mchuuzi, abiria, mpita njia. Hughanwa kwa sauti tu, bila ala, ndani ya dakika chache.

Je, huko si kuomboleza kwa makelele, jambo tulilokatazwa? La, ni ukumbusho na nasaha: breki zikaguliwe kabla ya mteremko, soko litengwe na barabara.

Kina mama, tuwaghanie watoto wetu, wajue kuwa kila aliyehesabiwa alikuwa akingojewa nyumbani.